Leso Katikati ya Maegesho

Mtu akiniuliza ni nani aliyenifundisha kazi ya mitaro, humjibu kwamba ni fundi mmoja wa Kinondo, kisha nikageuza mazungumzo. Sisemi kwamba fundi huyo ni mama mkwe wangu. Si kwamba ninamkana. Ni haya tu, na haya ya mkwe kwa watu wa kwetu si jambo la kufanyiwa mzaha. Hata sasa, nikiliandika neno lenyewe, najikuta nimeinamisha kichwa kana kwamba nimebisha hodi mlangoni kwake.

Nitamwita Mkwe. Jina lake sijawahi kulitamka, naye langu hakuwahi kulitamka.

Kazi yake ilikuwa kuondoa maji kwenye maegesho ya magari. Ukanda wetu huu, kuanzia Ukunda mpaka Galu, kila anayejenga duka kubwa au hoteli hupenda mbele yake pawe na uwanja wa matofali ya kabro wa kuegesha magari, na kila uwanja wa kabro ukinyeshewa na masika hugeuka bwawa ikiwa hapana aliyeyafikiria maji mapema. Mkwe aliyafikiria. Alichimba mitaro, akaifunika kwa nyavu za chuma, akayaongoza maji mpaka kwenye mashimo ya kuyanyonya, yaliyojazwa mawe na kokoto. Mitaro ya watu wengine ilipoziba, aliitwa yeye akaizibue. Alikuwa na kampuni yenye muhuri, kundi la vibarua, na lori dogo la kijani lililopiga chafya kila asubuhi kabla ya kuwaka. Alianzia kando ya barabara akipiga kokoto na wanawake wenzake na kuwauzia makandarasi, kisha akawa akienda kutazama kokoto zake zinafanywa nini. Siku moja akasema na yeye anaweza. Watu waliamini nyuma yake yuko mwanamume anayemfanyia hesabu. Alipoulizwa mwanamume huyo yuko wapi, alijibu kwamba yuko kaburini, na hesabu hakuziweza hata alipokuwa hai.

Mimi nilikuwa mhudumu wa hoteli, mtu wa shati jeupe na sinia. Hoteli ilipofungwa nikakaa nyumbani nikitazama dari. Mke wangu akapeleka habari kwa mamake, na jibu likarudi kupitia kwake: niulizwe kama koleo nalijua. Koleo nililijua kwa kuliona mikononi mwa watu. Lakini mtoto alikuwa njiani na unga ulikuwa chini ya debe, basi nikaenda. Kula kwa mkwe ni aibu. Kupewa kazi na mkwe ni aibu inayoamka nawe kila siku na kuvaa buti. Vijana wa maskani walinipokea jioni ile kwa vigelegele. Wakasema wao wameoa, lakini mwenzao ameolewa.

Sasa lazima niwaeleze wasiojua. Kwao Mkwe, huko Kinondo, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Akija njiani, unampisha, tena unaingia kando kichakani mpaka apite. Hamli chakula pamoja. Humwiti, hakuiti. Hukai anapokaa, na kubwa kuliko yote, hamwoneshani mwili katika hali isiyo ya heshima: kulala, kujikuna, kuchutama, kuinama. Ustadhi mmoja aliwahi kumwambia Mkwe kwamba kisheria mimi na yeye ni maharimu, hapana ubaya wowote tukikaa chumba kimoja na kuzungumza. Mkwe akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema ustadhi amesema kweli tupu, ila ustadhi hajamwoza binti yake.

Tufikirie basi watu wawili wa namna hiyo ndani ya mtaro mmoja. Kazi ya mitaro yote ni kuinama. Na mambo yanayotajwa ndani yake ni yale yale ambayo hayatajwi mbele ya mkwe: uchafu, choo kilichopasuka, kinyesi cha nani kimepita wapi. Tungaliwezaje? Tuliweza kwa kumtumia Mutiso.

Mutiso alikuwa fundi wa zege, mtu wa Machakos, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Haya zetu hakuzielewa, ila aliziheshimu kama mtu anavyoheshimu mbwa wa jirani. Kazi yake ya pili, ambayo hakuwahi kuilalamikia, ilikuwa ukalimani baina ya watu wawili wanaosema lugha moja. Mkwe angesimama ukingoni mwa mtaro na mwavuli wake, angetazama mnazi, na kusema kwa upole kwamba upande ule wa kushoto unaonekana umechimbwa na mtu mwenye usingizi. Mutiso angenigeukia pale pale, hatua mbili kutoka kwa Mkwe, na kunguruma:

"Buda, mathe anasema hiyo side yako ni mbaya. Rudia yote."

Nami ningejibu kwa Mutiso kwamba nimesikia, na Mutiso angemwambia Mkwe kwamba nimesikia, na Mkwe angeushukuru mnazi. Mutiso asipokuwa karibu, Mkwe alizungumza na toroli. "Toroli," angesema, "mchanga umekwisha huku." Nami ningelisukuma toroli likapeleke mchanga, na sote tukabaki na heshima zetu. Watalii waliopita walidhani bibi yule ana matatizo ya akili. Niliona aibu kwa ajili yake, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu.

Lakini msimdhanie kuwa mtu laini. Kwa wengine ulimi wake ulikuwa msumeno. Nimemsikia akimpa dereva wa lori la mchanga maneno ambayo hata Mutiso aliomba yarudiwe ili ayahifadhi. Mchanga ulikuwa umechanganywa na udongo, na Mkwe alieleza kwa kirefu udongo huo ulitoka wapi na urudishwe wapi mwilini mwa dereva. Katikati ya sentensi akaniona mimi nyuma ya gari. Leso ikapanda mdomoni, macho yakashuka chini, na akaimalizia sentensi kwa kumwuliza dereva kama watoto hawajambo. Dereva yule aliogopa zaidi hapo kuliko pale mwanzo.

Alikuwa mwingi wa mambo yasiyokutana. Aliishi kwa mvua, na mvua aliiogopa. Ngurumo ikipiga alijifunika kichwa na kusoma kila dua aijuayo, pamoja na ile ya kusafiri. Alikemea vibarua kwa kupoteza msumari mmoja, na mchana aliwapikia pilau ya watu wa harusi. Aliingia mitaroni na buti za mpira zilizosuguliwa zikang'aa, kwa kuwa alisema maji machafu yasipate kisingizio kwamba hata yeye ni mchafu. Dukani hakuweza kununua chumvi mpaka atazame chini kwanza, achokoe wavu wa mtaro wa mwenye duka kwa ncha ya mwavuli, na agune. Wenye maduka walimjua. Walimwona akiguna, wakakosa raha siku nzima.

Siku ya harusi yetu mvua ilinyesha, na uwanja tuliokodi ukaanza kujaa. Wanawake walikuwa wakiimba ndani, mama wa bibi harusi akatafutwa asionekane. Alikuwa nyuma ya jengo, buibui limepandishwa magotini, mkono mzima umezama kwenye bomba, akivuta majani ya mkungu na kitu kilichokuwa soksi. Ndivyo nilivyomwona kwa mara ya kwanza kama mkwe, maana nilipita pale nikielekea kuketi kwenye nikaha. Tuligeuka sote kwa pamoja, mimi huku na yeye kule. Hatukuwahi kulitaja jambo hilo. Ila uwanja ulikauka, na wageni walikula bila kuinua miguu.

Yapo maneno aliyopenda kuyasema, na kwa kuwa hakuyasema kwangu, nimeyaokota kama mtu anayeokota dagaa walioanguka kutoka kikapuni. Alisema gari hulala, maji hayalali. Alisema mtaro mzuri ni ule ambao mwenye gari hajui kama upo. Alisema kuyazuia maji ni kuyatukana, na ukiyatukana yatarudi na ndugu zao. Na kila mtaro ulipokwisha, kabla ya kuufunika, alikuwa na desturi moja. Alimwaga ndoo ya maji upande wa juu, akasimama bila kutazama, macho yake yako mbinguni, na kuuliza:

"Yanakwenda?"

Mutiso, aliyesimama upande wa chini, angejibu kwamba yanakwenda. Hapo tu ndipo Mkwe angeshusha pumzi na kuagiza nyavu zifungwe. Swali hilo hakuniuliza mimi hata siku moja, japokuwa mara nyingi nilikuwa karibu na maji kuliko Mutiso. Sitasema halikuniuma.

Lipo jambo la lori ambalo nililijua kwa kuchelewa. Mkwe alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na vyuma, hata siku ambazo kiti cha katikati kilikuwa kitupu. Ndiyo desturi, na sikuwa na neno. Mvua ikitunyeshea njiani, mimi nilifika nimelowa chapachapa, nikamwona Mkwe naye anashuka ameloa bega na upande mzima. Nilidhani dirisha la lori ni bovu, na nilimcheka moyoni kwamba anazibua mitaro ya watu na dirisha lake limemshinda. Baada ya muda mrefu dereva akaniambia kwamba dirisha lilikuwa zima. Mvua ikianza tu, Mkwe alilishusha, akakaa akinyeshewa mpaka mwisho wa safari, na akamkataza dereva kuuliza. Niliposikia hivyo sikujua niweke wapi uso wangu.

Nimelizungukia jambo moja tangu mwanzo. Si ajabu, hata miguu yangu hulizungukia nikiwa Diani.

Lilikuwa duka kubwa jipya kando ya barabara ya ufukweni, na mbele yake uwanja wa kabro mpana kuliko wowote tuliowahi kuushika. Mwenye jengo, mtu wa Mombasa, alikuwa na viwanja vingine alivyotaka kuvijenga mpaka Msambweni. Alimwambia Mkwe waziwazi kwamba uwanja huu ukikauka, mitaro ya viwanja vyote ni yake. Ukijaa maji, Mkwe atarudi kupiga kokoto kando ya barabara, na yeye mwenye jengo atahakikisha makandarasi wote wanajua kwa nini. Wapo waliokuwa wakingojea kwa hamu hilo la pili. Mwanamke kwenye mitaro ya watu wakubwa ni mfupa kwenye koo za wengi. Mkwe alilijua hilo, na kwa majuma yale hakuguna dukani kwa mtu yeyote.

Uwanja ulikuwa karibu bapa, na mtaro ulipita mbele ya mlango wa duka kwenda mpaka kona ya mbali lilipokuwa shimo la kunyonya. Uwanja bapa ndio mgumu. Mteremko wake ni mdogo sana, jicho haliuoni, na ukikosea unene wa kidole tu maji yatarudi yalikotoka. Sisi tulipima kwa mpira mrefu mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Mmoja hushika ncha moja, mwingine ncha ya pili, na maji huwa sawa pande zote mbili hata umbali uwe gani. Unapiga alama kwenye kigingi pale maji yalipotulia, kisha unahesabu mteremko kuanzia kwenye alama. Lakini jicho lako lazima liwe sawasawa na maji. Ukiyatazama kutoka juu, alama itakaa chini ya pale inapostahili.

Siku zote Mkwe alishika ncha moja na Mutiso ya pili. Vibarua wengine hawakuujua mpira. Mimi nilijifunza kwa kumtazama Mutiso. Basi juma lile Mutiso akafiwa na babake, akaenda kwao kuzika. Ufunguzi wa duka ulikuwa umeshatangazwa. Palibaki watu wawili waliojua kupima, na watu hao walikuwa mimi na mama mkwe wangu.

Alisimama mlangoni mwa duka, na mimi kona ya mbali. Kizingiti kilikuwa chini, kwa hiyo kwake maji yalitulia karibu na ardhi. Ili kuyasoma ilimpasa apige magoti, aweke mikono chini, ashushe shavu mpaka mchangani. Mutiso akiwa kule kwangu, Mkwe alifanya hivyo bila kufikiri. Sasa aliyekuwa kule ni mimi, na uwanja wenyewe mweupe, mtupu, hauna hata pa kujificha kuku. Nikamgeuzia mgongo ili apate nafasi. Lakini mpira nao haushikiki kwa mgongo. Ilinibidi nitazame ncha yangu, na kwa pembe ya jicho nikaona kivuli chake. Kilikuwa kimesimama. Alisoma alama ile akiwa wima kama mwanamke anayetazama ndani ya kisima.

Nilijua papo hapo. Nilijua alama iko chini. Na nilimwambia nini? Fungua kinywa chako, wewe unayesoma, umwambie mama wa mke wako, "Mama, inama." Jaribu. Nililitafuta toroli nikalikosa, lilikuwa upande wa pili. Nilitafuta namna ya kulisema kwa mnazi. Ningeweza kuuangusha mpira makusudi ili tuanze upya, lakini angesimama vilevile mara ya pili. Naye, ninavyomjua, alijua kwamba hakusoma sawa. Alikawia pale na kipande cha chokaa mkononi, akingoja mmoja wetu awe mtu mwingine. Kisha akapiga alama.

Ndoo ya desturi haikumwagwa. Mabomba yalikuwa yamekauka juma zima, na kabro zilikuwa zikilazwa nyuma yetu kwa haraka.

Siku ya ufunguzi iliwekwa kapeti na maputo. Mvua ikaja kabla ya hotuba. Nilisimama na vibarua ng'ambo ya barabara, na nikayaona maji yakikusanyika uwanjani kwa adabu, yakaingia kwenye nyavu zetu, yakapanga foleni, na yakaenda dukani. Yaliingia mlangoni chini ya kapeti, kapeti ikaelea. Watu walipandisha nguo. Mtu mmoja alikuwa akipiga picha kwa simu na kucheka. Mkwe alikuwa amevaa buibui jipya kwa ajili ya siku ile. Alivuka barabara polepole, hakufungua mwavuli, akasimama mbele ya mwenye jengo ndani ya maji yale.

Mwenye jengo alisema mengi, na kwa sauti. Aliuliza ni nani aliyepima. Nilianza kuvuka barabara. Ninataka ijulikane kwamba nilianza kuvuka. Lakini Mkwe aliinua mkono wake kidogo nyuma ya mgongo, kiganja wazi kuelekea kwangu, jinsi mtu anavyozuia mtoto asikaribie moto, na nikasikia sauti yake:

"Nilipima mimi. Wengine walishika mpira tu."

Hakusema sababu. Angeisema vipi? Mtu wa Mombasa huenda angeielewa, na hiyo ingekuwa aibu kubwa zaidi, kwamba binti wa Kinondo amesimama barazani akieleza habari za magoti yake. Aliomba jambo moja, aachwe aufukue mtaro na kuujenga upya, na kama mvua ya pili ikiingia dukani, asilipwe chochote na asiitwe tena. Mwenye jengo alikubali, nadhani kwa sababu hakupata mwingine wa kuanza siku hiyo hiyo.

Mutiso alikuwa bado kwao. Mambo ya urithi yalimshika. Jioni nilimwambia mke wangu kila kitu, nikamwomba ampelekee mamake ujumbe kwamba mimi niache kazi, atafutwe mtu mwingine wa kushika mpira. Mke wangu alikwenda, akarudi. Nilipomuuliza jibu, alisema mamake alimsikiliza, kisha akaenda kufungua sanduku.

Asubuhi nilifika uwanjani na nikakuta vigingi viwili virefu vimesimikwa katikati ya maegesho, kamba imefungwa baina yao, na juu ya kamba imeanikwa leso. Leso mpya, zote mbili, doti haijakatwa, ikafika karibu na ardhi. Mkwe alikuwa upande wa pili, mlangoni. Sikuona hata buti zake. Mpira wa kupimia ulipita chini ya leso, ukatokea upande wangu, ncha yake ikiningoja juu ya kabro. Nikatambua pia kwamba leso ile aliigeuza, maandishi yake yatazame upande wake, nisije nikayasoma nikadhani ninasemwa.

Tulipima siku nzima hivyo. Kila tulipohama, alivihamisha vigingi yeye, nami nikageuka mpaka leso isimame tena. Madereva walipunguza mwendo barabarani. Mmoja aliuliza leso zinauzwaje. Mfanyakazi wa hoteli ya jirani alikuja kuuliza kama kuna maiti inaoshwa. Watalii walipiga picha. Sijapata kuona aibu kama ya siku hiyo, nikiwa nimechutama nyuma ya leso ya mama mkwe mbele ya Diani nzima. Na nyuma ya kitambaa nikisikia pumzi ya mwanamke mtu mzima anayepiga magoti, anayeshusha kichwa, anayeinuka kwa shida, na kupiga magoti tena. Hakuna alama hata moja aliyoisoma amesimama.

Mvua ya pili haikuingia dukani, wala ya tatu. Viwanja vingine tulivipata. Leso hiyo ikawa kifaa cha kazi. Ilikaa ndani ya lori pamoja na timazi na pimamaji, na Mutiso aliporudi ndiye aliyekuwa akiisimika, akilalamika kwamba pwani kila kitu kina pazia. Watu walicheka, kisha wakazoea. Mimi sikuzoea. Kila ilipoanikwa nilijua kwamba inaanikwa kwa sababu yangu, na kwamba ni yeye aliyepata njia ya kulisema neno ambalo mimi nililimeza.

Sasa naja kwenye mara ile ya mwisho ninayotaka kuisimulia. Magoti yalikuwa yameshamshinda, kazi akaniachia mimi kupitia kwa Mutiso, naye akabaki nyumbani akiukosoa mtaro wa msikiti. Msimu wa masika aliteleza uani, nyonga ikavunjika. Akalazwa, akapasuliwa. Mke wangu na shangazi yake walipokezana kumwuguza. Mimi nilifika kila siku mpaka kwenye mlango wa wodi, nikatoa salamu kwa mlango, nikaacha uji na kuondoka.

Siku hiyo mlangoni hapakuwa na mtu wa kumpa uji. Mke wangu alikuwa ameenda kununua dawa, na shangazi alikuwa ameenda kuswali baada ya kumbadilishia shuka. Muuguzi alikuwa upande wa pili na mgonjwa aliyezidiwa. Aliniashiria kwamba anakuja. Nikaingia nikitazama sakafu, nikauweka uji juu ya kabati. "Shikamoo, mama," nikauambia uji. Ndipo nikasikia ile pumzi. Naijua. Nimeisikia siku nyingi nyuma ya leso. Ilikuwa ya mtu anayemeza maumivu ili yasisikike.

Nilitazama. Mungu anisamehe, nilitazama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na macho yake yalikuwa darini. Kutoka chini ya shuka ulitoka mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wanaowawekea wasioweza kuinuka kwenda msalani, na shangazi, katika kutandika vizuri, alikuwa ameuchukua ule mfuko wa mwisho wake akauweka juu ya kitanda, ubavuni, juu ya mto mdogo, usilale chini penye vumbi. Mpira ulipanda. Kilichokuwamo kilifika katikati kikasimama. Hapana fundi wa mitaro asiyeweza kuona hilo, na aliyelala pale alikuwa fundi kuliko mimi. Alijua. Alikuwa akijua kwa muda gani sijui. Na alikuwa akitazama dari, akingoja mmoja wetu awe mtu mwingine.

Niligeuka nikamtafuta muuguzi kwa macho. Bado alikuwa ameinama kwa yule mgonjwa. Mutiso hakuwapo. Toroli halikuwapo. Mpira ulikuwa baina yetu, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine.

Leso yake ilikuwa imekunjwa kwenye kiti. Niliikunjua, nikaufunga upande mmoja kwenye chuma cha kutundikia dripu na wa pili kwenye nguzo ya kitanda. Niliigeuza maandishi yatazame upande wake. Kisha nikapiga magoti. Niliingiza mkono chini ya leso, nikaupapasa mfuko, nikauteremsha polepole mpaka chini ya kitanda na kuutundika kwenye ndoano yake, nikaunyoosha mpira usiwe na kona. Nikaweka mikono sakafuni, nikashusha shavu mpaka karibu na saruji, jicho langu likawa sawasawa na mpira, nikangoja.

Nyuma ya leso pumzi ilikatika, ikatulia, ikatoka yote kwa pamoja.

"Yanakwenda?" akauliza.

Niliinua kichwa nione anamwuliza nani. Wodi ile kila mtu alikuwa na shughuli zake.

"Yanakwenda, mama."

Nilidhani ndiyo basi, na nikabaki pale chini kwa kuwa sikujua namna ya kuinuka mbele yake. Kisha leso ikatikisika, na sauti yake ikaja, ya uchovu, si kwa dari wala kwa uji:

"Basi inuka, wewe. Saruji ina baridi."